Kaboni ya Gunia, Haidrojeni ya Satini

Shuleni, 9 Februari

Mama Mdogo mpendwa,

Naandika nikiwa maabara, juu ya stuli yenye mguu mmoja mfupi, na wanafunzi wameenda kula. Mimi mzima. Kikohozi kimekwisha chenyewe, kwa hiyo usiniandikie tena habari ya kujifukiza.

Nina shida inayotaka mikono yako. Kidato cha tatu nimepata msichana asiyeona. Alipoteza macho akiwa mdogo sana. Wenzake wanamwita Hakimu, kwa sababu akishika kitu anatoa hukumu: mkate huu wa jana, kitambaa hiki kitapauka, mtu huyu ana wasiwasi, kiganja chake kimelowa. Anaipenda kemia kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha. Mkuu wa shule anaona tunapoteza muda. Aliniambia, "Mwalimu, somo hilo ni la kutazama. Mhamishie historia kabla hajakata tamaa." Nikambembeleza mpaka akakubali jambo moja. Mkaguzi akija mwisho wa muhula, Hakimu atahojiwa mbele yake kuhusu maumbo ya molekuli. Akiweza, anabaki. Akishindwa, anahama na mimi nafunga mdomo.

Molekuli, kama umesahau yale niliyokuwa nakusimulia ukishona, ni atomu zilizoshikana, na kila molekuli ina umbo lake. Ipo iliyonyooka kama rula, ipo iliyopinda kama kiwiko, ipo ya pembetatu. Umbo ndilo linaloamua tabia. Maji yangekuwa yamenyooka badala ya kupinda, yasingekuwa maji haya tunayoyajua. Mimi nachora ubaoni, wenzake wanaona. Yeye anasikia chaki tu.

Naomba unitengenezee moja ya kujaribia, ya kushika. Inaitwa methani: kaboni moja katikati, haidrojeni nne kandokando. Nimekuchorea hapo chini. Vile vipande vya vitambaa vya makochi unavyotupa vinatosha.

Mwanao,
Mwalimu


Nyumbani, 20 Februari

Mwanangu,

Barua yako imenikuta nimelivua kochi la watu nguo zote, limebaki mifupa, na mwenyewe amekuja kulidai. Nikamwambia asubiri, nina barua ya mtoto. Akasubiri. Angefanya nini, akalie mbao?

Mchoro wako nimeuelewa. Ni msalaba. Mpira wa katikati nimeushona kwa gunia, kwa sababu kaboni yako naona ndiye mbeba mizigo, ameshikwa na kila mtu. Haidrojeni nimeivika satini iliyobaki kwenye mito ya bibi harusi mmoja. Ndani ni sponji. Huyo binti akigusa tu atajua nani ni nani, hata ukimwamsha usingizini.

Tatizo lilikuwa vijiti. Nilianza na njiti za ufagio, zikawa zinavunjika. Nimekaa mlangoni navunja ufagio mzima, jirani yangu mpya akaniona. Ni fundi baiskeli, amechukua kile chumba cha mshona viatu. Akauliza, "Mama, ufagio umekukosea nini?" Nikamweleza mambo ya gesi na mikono minne. Hakucheka. Akaingia kwake, akatoka na spoki, akazikata, akazisugua ncha kwa tupa zisimchome mtoto.

Nimekutumia nane. Nimezilaza mezani nikazikagua moja moja. Hakuna hata moja iliyoinua mkono, zote bapa kama chapa ya pasi.

Mama yako mdogo, ambaye udogo wenyewe umeshapita


Shuleni, 1 Machi

Mama Mdogo mpendwa,

Kifurushi kimefika salama na nimekipenda sana. Gunia na satini ni wazo ambalo mimi nisingelipata hata kwa kusoma. Hakimu alizishika zote nane, akatambua kaboni kabla sijasema neno.

Tunazitumia. Ukipata nafasi, labda nyingine zingekuwa tofauti kidogo tu, yaani zimesimama zaidi. Lakini usijisumbue, hizi nazo ni nzuri mno. Msalimie huyo jirani.

Mwanao,
Mwalimu


Shuleni, bweni la pili, 4 Machi

Kwa Mama Mdogo wa Mwalimu,

Pokea shikamoo. Mimi ndiye Hakimu. Naandika kwa mashine ya taipu ya ofisini, karani huniachia akienda kunywa chai. Nikikosea herufi siioni, kwa hiyo hainisumbui.

Mama, misalaba yako imeshonwa vizuri na si methani. Mwalimu ameshindwa kukwambia. Ameiweka juu ya kabati la maabara, na kila akipita hapo anavuta pumzi, namsikia. Nimeona bora niseme mimi.

Ubao ni bapa, ndiyo maana mchoro ni bapa. Molekuli haiishi ubaoni. Mwalimu alituelezea hivi: mikono ile minne ni jozi za elektroni, na elektroni hazipendani. Kila jozi inamkimbia mwenzake hadi mwisho wa nafasi iliyopo. Ni kama sisi bwenini siku za joto, hakuna anayetaka kiwiko cha mwenzake. Halafu akafunga maputo manne shingo kwa shingo akanipa nishike. Niliyalazimisha yalale mezani, yakakataa. Ukikandamiza hili, lile linanyanyuka. Yana umbo lao na hayataki jingine.

Nilifurahi sana, lakini kesho yake yalikuwa yameshanyauka. Nahitaji yale maputo yawe ya gunia na satini, yasiishiwe pumzi.

Usimkasirikie Mwalimu. Ana moyo wa sponji.

Hakimu


Nyumbani, 12 Machi

Mwanangu Hakimu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, mara ya tatu nikacheka mpaka sindano ikaniponyoka. Unajua nilikuwa nimefika wapi? Mwalimu wako aliandika anataka "zilizosimama zaidi". Basi nikashona misalaba mingine, safari hii kila mmoja na kitako cha mbao cha kuusimamisha wima, kama picha ya harusi. Meza imejaa. Mtoto huyo nimemlea tangu yuko darasa la kwanza, na mpaka leo akipewa chai isiyo na sukari anakunywa yote na kushukuru.

Nikampelekea Fundi barua yako. Tukanunua maputo. Watu wazima wawili, mmoja ana mvi na mwingine anazipaka rangi, tumekaa sakafuni tunapuliza maputo. Fundi alilikalia moja likapasuka, na mteja aliyekuwa anaingia akageuza akaenda zake. Tulipofunga manne tukaona ulichosema. Matatu yamekaa chini kama mafiga, la nne limesimama juu. Ukiyageuza, lililokuwa juu linakuwa mguu, na umbo ni lilelile. Tukageuza tena na tena. Sijui kwa nini jambo dogo vile lilitufurahisha kiasi kile.

Sasa Fundi ana mbinu. Anachoma spoki tatu kwenye mpira, anausimamisha kama kigoda, ya nne anaichoma juu katikati, kisha anageuzageuza. Ikisimama vilevile kwa kila upande, imekubali. Ikiyumba, anang'oa zote anaanza upya. Nimekutumia nne kwa basi.

Kuna jambo jingine. Nakwambia wewe kwa sababu hatujawahi kukutana na nimesikia humung'unyi maneno. Fundi ameniomba nikubali anioe. Mimi ni mjane kwa miaka mitano sasa. Mwalimu wako alimpenda marehemu mume wangu kama baba aliyemzaa. Kazi hii ya makochi nilifundishwa na huyo marehemu, na kiti chake kipo dirishani, hakuna anayekikalia. Sijui huyo mtoto atalipokeaje. Usimwambie neno. Nipe hukumu yako tu.

Mama Mdogo


Shuleni, bweni la pili, 17 Machi

Mama,

Kwanza naomba radhi. Barua za wino nasomewa. Anayenisomea ni mwenzangu wa kitanda cha juu, na sauti yake ni ya muuza magazeti. Alipofika pale pa Fundi nilimnong'oneza asome polepole. Alishachelewa. Bweni zima limeapa kunyamaza, na wanajitahidi, ila kengele ya baiskeli ikilia njiani wote wanaangua kicheko. Mwalimu ameshauliza mara mbili kuna nini.

Hukumu: bweni limekubali. Mmoja tu amepinga, anataka uulizie kwanza kama anakoroma. Mimi nasema mtu anayeng'oa zote na kuanza upya kwa sababu mpira umeyumba, hata kama hakuna anayemwangalia, ni mtu wa kukaa naye. Lakini mwambie Mwalimu wewe mwenyewe, kabla hajaambiwa na midomo ya watu.

Methani zimefika. Nilipoishika ya kwanza sikusema kitu, mpaka wenzangu wakadhani nimechomwa. Muda wote nilikuwa naijua kwa kuambiwa. Sasa ipo mkononi, nikiizungusha hivi ni ileile, nikiizungusha vile ni ileile. Nimelala nayo chini ya mto.

Sasa nina tamaa, Mama. Nataka maji: oksijeni moja, haidrojeni mbili, imepinda. Inapinda kwa sababu oksijeni ina jozi mbili nyingine za elektroni ambazo hazikushika mtu. Hutazishona, lakini zipo, na zinawasukuma wale wawili wasogeleane. Nataka amonia: naitrojeni na haidrojeni tatu, kama kigoda kisicho na kitu juu, na hapo juu pia kuna jozi moja iliyojificha. Nataka ile gesi tunayoitoa tukipumua: kaboni katikati, oksijeni huku na huku, imenyooka kabisa. Na kubwa kuliko zote, salfa iliyoshikwa na florini sita: juu, chini, mbele, nyuma, kushoto, kulia. Mwalimu anasema ukiifunika kwa kitambaa inakuwa na nyuso nane.

Mkaguzi anakuja Aprili. Nimeambiwa mkuu wa shule ameshaniandalia kitabu cha historia.

Hakimu


Shuleni, 19 Machi

Mama Mdogo mpendwa,

Kumbe Hakimu alikuandikia. Nilipomkuta na methani ya kweli mkononi nilitamani ardhi ipasuke. Nisamehe, nilishindwa kukuvunja moyo. Sasa darasa zima linazipigania, na wanaoona ndio wanaoongoza, maana nao kumbe walikuwa wanaamini ni bapa.

Lakini kuna kitu kinanikera. Binamu alipita mtaani kwenu, ameniandikia kwamba huyo fundi baiskeli anashinda kwako kutwa, na alimkuta amekaa sakafuni katikati ya karakana ya Baba Mdogo kama yuko kwake, anacheka. Hana kazi yake? Spoki ni jambo moja, kuhamia ni jingine. Wewe una huruma, na watu wa namna hiyo wanainusa huruma kwa mbali. Baba Mdogo angekuwepo, mtu huyo angeishia kizingitini. Nakuomba umwambie msaada wake umetosha. Nasema haya kwa sababu nakupenda.

Halafu wanafunzi wangu wamepatwa na nini sijui. Baiskeli ikipita wanacheka.

Mwanao,
Mwalimu


Nyumbani, 25 Machi

Mwalimu,

Kifurushi kinakuja na basi la Jumatatu. Ndani kuna maji, amonia, gesi ya kupumua, na ile ya mikono sita. Oksijeni ni mahameli. Naitrojeni ni ngozi. Salfa ni turubai, na florini nimezivika plastiki ya kufunikia viti, inateleza. Ya mikono sita haikumalizwa vizuri. Nimeimalizia mwenyewe.

Uliyemwandika nimemwambia asije tena, naye amesikia. Ameondoa koleo lake na tupa yake.

Kiti cha Baba Mdogo kipo palepale. Leo nimekipangusa.

Mtie moyo mtoto.

Mama Mdogo


Shuleni, 29 Machi

Mama Mdogo wangu,

Barua yako haikuwa na mzaha hata mmoja. Nimeisoma nikaigeuza nyuma nikidhani umeuandika huko.

Nilikuwa nafungua kifurushi na Hakimu. Amepokea maji, akayapapasa, akasema, "Haya yamepinda sawasawa." Amonia, sawasawa. Alipofika kwenye ile ya mikono sita akaishika muda mrefu, kisha akasema, "Hii haikushikwa na Fundi. Mkono mmoja unalegea na mwingine umeinama." Nikamwambia Fundi hayupo tena, nimeshauri aache kuja, maana binamu alimkuta amekaa sakafuni kwako anacheka. Mama Mdogo, mtoto huyo aliiweka chini, akaniuliza, "Mwalimu, mtu akifiwa anaruhusiwa kucheka tena baada ya muda gani?"

Sikuelewa. Nikamuuliza anataka kusema nini. Akasema aliahidi kutoniambia neno, ila hakuahidi kutoniuliza maswali. Akaniuliza la pili: "Aliyekaa sakafuni anacheka alikuwa peke yake, au kulikuwa na mwingine anacheka naye?"

Hapo nikakaa. Nilikuwa nimesoma barua ya binamu kama nilivyotaka mwenyewe, nikasahau kuuliza wewe ulikuwa wapi. Tangu msiba sijakusikia ukicheka mpaka mtu wa nje akasikia. Na mimi ndiye niliyekuzima.

Nimemkumbuka Baba Mdogo vizuri leo, si yule wa kwenye picha. Ni yule aliyekuwa akigombana na wateja waliofunika makochi yao kwa plastiki. Alikuwa akisema kochi lisilokaliwa linakufa mapema kuliko lililochakaa. Mimi ndiye nimekifanya kiti chake kiwe kaburi, yeye asingekubali.

Sijui kama kuna cha kurudisha. Kama kipo, usinitazame mimi. Mtazame yeye.

Mwanao


Shuleni, 29 Machi

Kwa Fundi,

Hatujaonana. Mimi ni yule mwalimu aliyesema maneno mabaya juu yako bila kukujua. Naomba unisamehe, na huo mlango niliousukuma ukafungika, naomba uusukume ufunguke.

Pia nina shida ya kazi. Molekuli ya mikono sita imelegea, na mkaguzi yuko karibu. Hapa hakuna anayejua spoki. Ikiwezekana, njoo na koleo lako.

Mwalimu


Mtaani, 3 Aprili

Kwa Mwalimu,

Salamu. Mimi si mwandishi.

Barua yako nimeipeleka kwa Mama nikaisoma mbele yake, kwa sababu sikutaka kukujibu kwa siri. Yeye alikuwa na yake mkononi. Akaniuliza kama koleo langu bado lipo. Nikasema lipo. Akasema, basi nenda ukatengeneze mkono wa mtoto. Yeye hawezi kuja, ana viti vya ukumbi mzima vinavyotakiwa wiki hiyo.

Nakuja kwa basi la alfajiri siku ile ile ya mkaguzi. Siku nyingine sina wa kumwachia kibanda.

Kuna kitu nataka nikuulize. Nimeona ipo ya mikono miwili, mitatu, minne, na sita. Ya mitano iko wapi? Nilifunga maputo matano nikaona yamekaa namna ambayo sikuitegemea. Nimeitengeneza. Kama haipo duniani nitaibomoa, spoki zina kazi.

Swali langu kwa Mama halijajibiwa. Sijaliuliza tena. Nitaliuliza nikirudi.

Fundi baiskeli


Shuleni, 10 Aprili

Mama Mdogo wangu,

Nakuandika leo leo. Fundi ndiye atakayeleta barua hii. Nimemwambia asiifungue, akanitazama kama nimemtukana.

Alifika asubuhi, suruali ina mafuta upande mmoja na shati limenyooshwa. Tulisalimiana kama watu wawili waliobeba kitanda kwenye ngazi nyembamba. Kisha akauliza, "Mgonjwa yuko wapi?" Nikampa ile ya mikono sita. Akakaa kwenye kibaraza cha maabara akaanza kazi. Bweni la pili zima likawa na sababu ya kupita pale. Nimehesabu walionisalimia kwa adabu isiyo ya kawaida, nikachoka.

Nikamwona na ile ya mikono mitano. Nikamwambia ipo, ni fosforasi iliyoshikwa na klorini tano. Alifurahi mpaka akavua kofia. Hakimu sikuwahi kumfundisha hiyo, si ya kidato chake, kwa hiyo niliiacha pale kibarazani.

Mkaguzi ni mzee mrefu, mpole, mwenye miwani mbili, moja puani na moja kichwani. Alikaa na mkuu wa shule upande mmoja wa meza, Hakimu upande wa pili, mimi ukutani nimebana mikono. Alimpa ya kwanza. Hakimu akapapasa. "Gunia, satini nne. Methani. Kila mkono uko mbali sawa na wenzake." Ya pili: "Mahameli, gunia, mahameli, mstari mmoja. Mnaitoa sasa hivi puani." Mkuu wa shule akakohoa. Ya tatu ilikuwa maji. Mkaguzi akauliza kwa nini yamepinda. Hakimu akaweka vidole viwili juu ya mahameli, mahali ambapo hukushona kitu, akasema, "Hapa kuna jozi mbili ambazo hazikushika mtu. Zinachukua nafasi kubwa kuliko zilizoshika. Ndizo zinazowasukuma hawa."

Amonia alikosea. Aliiita methani iliyovunjika. Halafu akairudia kwa kidole gumba, akagundua ni ngozi, si gunia. Akasema, "Nimekosea. Nilikimbilia kuhesabu kabla ya kushika." Mkaguzi akaandika kitu.

Basi, katikati ya hapo, mlango ukafunguka. Ni Fundi, ameleta mgonjwa aliyepona. Hakujua abishe hodi wapi, akaziweka zote mezani, ya mikono sita na ya mikono mitano, akatoka kinyumenyume akiomba radhi. Mkaguzi akanyoosha mkono, akachukua ya mikono mitano. Nikataka kusema, "Hiyo bado," lakini alishampa.

Hakimu aliizungusha. Akaizungusha tena. Kisha akasema, "Hii sijafundishwa." Mkuu wa shule akasogeza kiti. Mkaguzi akamwambia, "Niambie tu unachoshika."

"Nashika mitano," akasema. "Mitatu imezunguka kiuno. Mmoja kichwani, mmoja miguuni. Lakini hailingani na zile nyingine. Methani ukiigeuza mikono yote ni sawa. Hii hapana. Wa kiunoni wamekaa kwa raha. Wa kichwani na wa miguuni wamebanwa, kila mmoja ana majirani watatu karibu yake. Nadhani hao ndio wanaotoka kwa urahisi." 

Mama Mdogo, hilo nilifundishwa chuo kikuu, na niliambiwa tu. Yeye amelipata kwa vidole.

Mkaguzi akavua miwani zote mbili, akafumba macho, akaomba apewe moja. Hakimu akamchagulia. Mzee akapapasa, akatabasamu, akasema, "Hii imepinda. Maji?" Hakimu akasema, "Ndiyo, Mzee. Umepita." Mkuu wa shule ndiye aliyecheka kwanza, na alicheka kwa nguvu. Anabaki. Katika masomo ya vitendo atapewa mwenzake wa kumsomea vipimo. Mkuu mwenyewe ametoka na methani mfukoni, anasema anakwenda kumwonyesha mkewe.

Nilimkuta Fundi kibarazani amezungukwa na wasichana. Wanamhoji. Mmoja alikuwa anamuuliza kama anakoroma. Akajibu kwa upole kwamba hajui, maana huwa amelala.

Tulikula pamoja kabla ya basi. Nikamuuliza kwa nini anakutaka wewe. Akasema, "Nilimkuta anavunja ufagio kwa ajili ya mtoto asiyemjua."

Mlango wangu uko wazi, na wako pia. Fanya unavyotaka wewe.

Mwanao


Nyumbani, 14 Aprili

Mwanangu, na Hakimu wangu, na wewe mwenye sauti ya muuza magazeti (najua unasoma),

Nimeshalia kwa ajili ya mtoto, nimemaliza. Mteja mmoja aliniuliza nani amekufa, nikamwambia hakuna, kuna mtu anabaki kwenye kemia. Alinipa pole.

Sasa nisikilizeni. Fundi alishuka basi akaja moja kwa moja, hata kwake hakupita. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye kiti cha mwisho cha ule ukumbi, kitambaa nimekivuta kwa mkono mmoja, nyundo kwenye mwingine, na mdomoni nimebana misumari midogo, kama tunavyofanya mafundi wa makochi wote. Akaniwekea barua yako mezani. Akasimama. Akavua kofia. Akasema, "Nimerudi. Nauliza."

Nikatikisa kichwa kukubali. Kwa kuwa nilikuwa nimeinama, yeye aliona kisogo tu. Akasubiri. Nikatikisa tena, kwa nguvu. Akadhani ninapiga msumari. Siwezi kuachia kitambaa, kikilegea nirudie kiti kizima, na siwezi kusema, misumari nitaimeza nife kabla ya harusi. Nikaguna. Yeye, kwa heshima zake, akasema, "Basi, nimekuelewa, Mama," akavaa kofia, akageuka kuondoka.

Wanangu, niliachia kitambaa. Niliachia nyundo, ikaangukia kidole cha mguu. Nikatema misumari yote sakafuni, nikamwambia, "Ndiyo, we mwanaume, ndiyo."

Bado tunaiokota.

Mama Mdogo